Mfereji Mpya wa Tangu Zamani

Wytze Hoekema hakwenda kwenye mkutano wa Bodi ya Maji kwa ajili ya maji. Alikwenda kwa ajili ya kahawa. Mvua ya Juni ilimkuta kwenye kituo cha basi cha Aldebuorren, akitoka kumwonyesha mzee mmoja kibanda cha mashua kilichokuwa kinauzwa, ingawa mwenye kibanda alikuwa Hispania na hakuwa na habari kwamba anauza. Mzee hakununua. Ukumbi wa kijiji ulikuwa ng'ambo ya barabara, taa zinawaka, ndani kuna joto, na kahawa ni ya bure.

Huko Frislandi, kaskazini mwa Uholanzi, mgeni hupewa kikombe kimoja na biskuti moja, kisha mkebe wa biskuti hufungwa. Wytze alipata biskuti mbili kwa kuketi kwanza upande wa dirisha akiwa na kofia, halafu upande wa mlango bila kofia. Mtu mwenye kipaji hakipumzishi.

Na siku zile alihitaji kila alichoweza kupata. Alikuwa akiishi darini kwa dada yake Rixt, mjini Leeuwarden, na asubuhi ile Rixt alikuwa amemwita jikoni.

"Wytze, mdogo wangu, una miaka arobaini na minne. Mwezi wa tisa ukiingia, cherehani yangu inapanda juu na wewe unashuka chini."

"Nishuke niende wapi, dada?"

"Kwenye nyumba yako."

"Sina nyumba."

"Basi una kiangazi kizima cha kuitafuta. Na isiwe ya mtu mwingine, tafadhali. Nimechoka kufungulia polisi mlango."

Neno hilo lilimchoma. Katika maisha yake Wytze alikuwa amewauzia watu nyumba nyingi nzuri, baadhi yake zilikuwepo kweli, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na mlango wenye namba, wala kisanduku cha barua chenye jina lake. Alipokunywa kahawa ile alikuwa anawaza kisanduku hicho, na ndiyo maana mwanzoni hakusikia kilichokuwa kinasomwa mbele.

Aliyekuwa anasoma ni mkaguzi wa Bodi ya Maji, mama mrefu aitwaye Sietske Dam, mwenye sauti ambayo haikupanda wala kushuka. Aliyekuwa anasomewa ni Diederik van Asperen, mjenzi kutoka upande wa Amsterdam, viatu vyake vya ngozi laini havijawahi kuona tope. Diederik alikuwa amejenga nyumba saba za mbao za mapumziko kando ya ziwa. Ya saba haikupata pa kukaa, kwa hiyo alifukia mfereji na kuiweka juu yake, bila kibali.

"Sharti la kwanza," alisoma Sietske. "Aliyefukia maji lazima achimbe maji mengine, urefu uleule, ndani ya eneo lilelile linalozungukwa na tuta la kuzuia maji, kabla Agosti haijaisha. La sivyo mfereji wa zamani unafunguliwa, kuwe na nyumba juu yake au kusiwe. La pili, asichimbe kabla ya katikati ya Julai, kwa sababu ndege wanaatamia. La tatu, achimbe kutoka upande mmoja, na upande wa pili uachwe wazi, samaki na vyura wapate njia ya kutokea. La nne, matope yakae ukingoni siku moja, kome na konokono wapate nafasi ya kurudi majini."

Wanakijiji waliitikia kwa vichwa taratibu, kama watu walio kanisani.

"Nimesema nitachimba!" alilalamika Diederik. "Lakini nichimbe wapi? Hakuna mtu hapa anayetaka kuniuzia hata upana wa sepetu."

Watu walikunywa kahawa yao. Mwaka uliopita Diederik alikuwa amezungushia ua sehemu ya ziwa ambako kijiji kizima huteleza juu ya barafu wakati wa baridi. Angeweza kuwachomea kanisa na wakamsamehe mapema zaidi.

Wytze aliweka kikombe chini. Alikuwa amekumbuka jambo. Saa moja kabla ya mvua, alipokuwa anatafuta mahali pa faragha pa kujisaidia, alifika kwenye malisho ya kondoo na kukuta ukanda mrefu wa nyasi nzuri kuliko zote, laini, zimesawazika kama zulia la msikitini. Alikuwa ameshainua mguu akanyage, ndipo zulia likapasuka, kichwa cha bata kikatokea, kikamtazama, kikazama tena. Haukuwa uwanja. Ulikuwa mfereji wa zamani, umefunikwa pembe hadi pembe na vijani vidogo kama punje za dengu, vile vinavyoelea juu ya maji yaliyotulia, ambavyo watu wa huko huviita majani ya bata.

Kuna wanaouza nyasi na kuna wanaouza maji. Wytze alikuwa mtu wa kwanza kufikiria kuuza nyasi zile ziwe maji, kwa kuzikwangua tu.

*

Malisho yalikuwa ya Baukje Terpstra, mjane mwenye mikono kama ya mpiga makasia na kicheko kilichosikika kijiji cha pili. Wytze alibisha hodi akiwa amevaa koti la kijani, mabuti ya mpira, na darubini shingoni. Vyote vilikuwa vya marehemu shemeji yake.

"Mimi natoka shirika la Marafiki wa Mifereji," alisema. "Tunasafisha mifereji ya wakulima bure, kwa faida ya viumbe."

"Bure?" Baukje alimwangalia kuanzia mabuti hadi kofia. "Bure kama ya wauza Biblia, au bure kabisa?"

"Bure kabisa, mama."

"Mimi si mama yako. Keti." Akamwekea kahawa, akafungua mkebe, akatoa biskuti moja, akaufunga mkebe pah! "Ule mfereji kila kiangazi unanimezea kondoo. Bodi yenyewe haiujui. Walipiga picha kutoka angani, wakaona kijani, wakaandika malisho. Nikawaambia, njooni mtembee juu ya hayo malisho yenu. Hawakuja."

Moyo wa Wytze uliruka kwa furaha. Hata ramani ilikuwa upande wake.

"Mtausafisha lini?"

"Baada ya katikati ya Julai. Ndege wanaatamia sasa."

"Kumbe una akili," alisema Baukje, lakini mkebe hakuufungua tena.

*

Diederik, ambaye Wytze alikuwa amemwahidi kumpatia pa kuchimba, alikuja kutazama siku ya pili yake, akirukaruka kukwepa mavi ya kondoo. Alipokaribia ukanda wa kijani, Wytze alinyoosha mkono.

"Simama hapohapo, bwana! Usikanyage hata hatua moja mbele. Kuna ljip anaatamia."

Ljip ni ndege mwenye kishungi, na watu wa Frislandi wanampenda kuliko baadhi ya ndugu zao. Diederik alisimama. "Yuko wapi?"

"Ukimwona, ujue umeshamsumbua."

"Na huu ndio uwanja utakaochimba?"

"Ndio huu. Urefu unatosha na unazidi. Nimezungumza na mwenyewe. Kwako wewe asingeuza, lakini kwa mtu wa viumbe kama mimi, ni suala la imani."

Diederik aliutazama ule ukanda kwa muda. "Malisho mazuri. Yamesawazika sana."

"Kondoo wa Bi Baukje wanakula kwa mpangilio."

"Lakini naona hapo katikati hawali."

"Wanamheshimu ndege."

Wakati huohuo bata alitokea upande wa mashariki, akaanza kuelea taratibu kukatiza malisho, akiacha nyuma yake mstari mweusi wa maji. Wytze alimshika Diederik bega na kumgeuza upande mwingine.

"Hebu mtazame kondoo yule, bwana. Yule wa pua nyeusi. Umewahi kuona kondoo mwenye sura ya hakimu namna ile?"

"Hapana," alisema Diederik, na sauti yake ilikwaruza kidogo, kama mtu aliyepaliwa. "Ngoja nikohoe." Akakohoa kwa muda mrefu, mgongo ukimtikisika, kitambaa kikiwa mdomoni. Alipomaliza macho yalikuwa na machozi. "Unataka nini kwa kazi hii?"

"Fedha sitaki. Mtu wa viumbe hana tamaa ya fedha." Wytze alimeza mate. "Nataka nyumba namba saba."

"Namba saba! Ile yenye kibaraza na dirisha la duara? Unanichuna ngozi, bwana Hoekema."

"Bila mimi, namba saba wataing'oa."

Diederik alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyeshindwa. Ilishushwa vizuri mno. Wytze, ambaye katika kazi yake alikuwa ameshusha pumzi kama zile mara nyingi, angepaswa kuitambua.

*

Wakasaini kwa wakili mjini Leeuwarden. Wakili wa huko husoma hati yote kwa sauti, neno kwa neno, apende asipende. Alisoma kwamba nyumba namba saba na kiwanja chake vinahamia kwa Wytze Hoekema, pamoja na haki zote na wajibu wote unaofungamana na kiwanja hicho, ukiwemo wajibu wowote kwa Bodi ya Maji. Wytze alikuwa amekaa palepale. Masikio yalikuwa wazi. Lakini mezani kulikuwa na picha ya nyumba, na yeye alikuwa anawaza kama kisanduku cha barua kitakaa kulia kwa mlango au kushoto.

"Umeelewa yote?" aliuliza wakili.

"Kulia," alisema Wytze.

Katikati ya Julai ilipopita, alikodi mashine ndogo ya kuchimbia kwa nusu siku. Hakuchimba. Alikwangua kingo mbili zionekane mbichi, akamwaga udongo mweusi juu ya nyasi, kisha akachukua reki ndefu na kuyavuta majani ya bata yote nje ya maji. Jioni mfereji ulikuwa unang'aa kama kioo. Baukje alisimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Hilo shirika lako! Sijawahi kuona kazi ya bure inayofanywa kwa kutoka jasho hivi."

"Ni moyo tu, Bi Baukje."

Na kwa kweli, alipokuwa anasafisha ile reki, alijisikia vizuri kwa namna ambayo haikumpendeza. Aliifukuza hisia hiyo, akaenda kulala kwenye nyumba yake, namba saba, sakafuni, kwa sababu kitanda bado. Kabla ya kulala alitoka nje kuutazama mlango, akarudi ndani, akatoka tena.

*

Wiki mbili baadaye mkaguzi Sietske Dam alikuja kupima. Alikuwa na ubao wa kuandikia na fimbo ndefu yenye alama za kina. Diederik alikuja pia, mikono nyuma. Baukje alikuja na chupa ya kahawa, kwa sababu mahali palipo na mkaguzi pana mambo.

"Urefu sawa," alisema Sietske. "Upana sawa. Bwana Hoekema, mfereji huu umechimbwa lini?"

"Wiki mbili zilizopita, mama. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa mujibu wa sharti la tatu."

"Vizuri sana." Alitumbukiza fimbo. Ikagonga kitu. *Ting.*

Wytze alikuwa amefikiria kila kitu: ndege, ramani, bata, kondoo. Lakini alizaliwa na kukulia katika nchi hiyo na hakufikiria jambo ambalo kila mtoto wa huko analijua, kwamba hakuna mfereji wa zamani usiokuwa na baiskeli ndani yake.

Sietske alikinasa kwa fimbo, akavuta. Kwanza ulitoka usukani. Kisha gurudumu la mbele. Kisha baiskeli nzima, imeliwa na kutu, imejaa kome weusi wakubwa kama viatu vya mtoto.

"Wiki mbili," alisema Sietske.

"Watu wa hapa wanatupa vitu ovyo," alisema Wytze. "Inasikitisha."

"Na hawa kome?"

"Udongo una rutuba."

"Bwana Hoekema. Kome wa ukubwa huu alikuwepo kabla binti yangu hajaanza shule. Na binti yangu sasa ni mwalimu."

Hapo Baukje akapiga ukelele uliowafanya kondoo wote wainue vichwa. "Baiskeli ya Gerben! Hiyo ni baiskeli ya marehemu mume wangu! Aliniambia imeibwa sokoni Leeuwarden! Miaka yote hii nimewalaani watu wa Leeuwarden, kumbe mlevi yule alitumbukia nayo hapa!" Akamgeukia Wytze. "Nauomba radhi mji wenu. Wewe peke yako ndiwe nitakayeendelea kukulaani."

Sietske alifunga ubao wake. "Huu si mfereji mpya. Kwa hiyo mfereji uliofukiwa ufunguliwe. Mwenye kiwanja atachimba."

"Umesikia, bwana Diederik," alisema Wytze upesi. "Pole sana."

"Mimi?" Diederik alitoa mikono nyuma ya mgongo. "Mimi sina kiwanja pale. Namba saba ni yako, na wajibu umefungamana na kiwanja. Ilisomwa kwa sauti. Wakili akakuuliza umeelewa, wewe ukasema *kulia*."

Wytze alikumbuka kile kikohozi kirefu na macho yale yenye machozi. Kisha akasema polepole, "Ulijua."

"Nimezaliwa ndani ya tuta kama nyinyi. Nilitumbukia kwenye majani ya bata nikiwa na miaka minne, na kila mwaka mama yangu aliwasimulia wageni. Kondoo wanaomheshimu ndege, bwana? Nilidhani nitakufa pale kwa kujizuia kucheka." Alifuta viatu vyake kwenye nyasi, nyasi za kweli. "Ungefaulu, nisingepoteza kitu. Umeshindwa, na bado sijapoteza kitu. Nyumba sita nimeshazinadi. Sasa zitakuwa na maji mbele na nyuma, bei inapanda. Asante sana."

Huyo akaondoka zake.

*

Hapa msimulizi angeweza kusema kwamba Wytze alitoroka kwa basi la jioni. Alikwenda kituoni, ni kweli. Basi lilikuja, mlango ukafunguka, dereva akamsubiri. Wytze alikuwa na ufunguo mfukoni, wa mlango wenye namba, na kidole chake kilikuwa kimeushika. Basi likaondoka bila yeye.

Asubuhi alikwenda kwa Baukje. Hakuvaa koti la kijani.

"Unataka nini tena, Rafiki wa Mifereji?"

"Nyumba ni ya mbao. Ni nyepesi. Ikivutwa kabla sijachimba, itapona. Lakini sina pa kuivutia."

"Na mimi ningekupa pa kuivutia kwa sababu gani? Umeniletea mkaguzi mlangoni, umenifufulia ulevi wa marehemu."

"Kwa sababu mfereji wako ni msafi," alisema Wytze. "Na mwakani utakuwa mchafu tena."

Baukje aliutazama mfereji wake unaong'aa. Kisha kicheko kikaanza tumboni kikapanda. Juma lililofuata trekta lake, magogo ya kuviringishia na nusu ya wanaume wa kijiji waliivuta namba saba hadi kwenye kona ya malisho. Kibali cha kuikalia kilitoka kikiwa na sharti moja tu: anayeishi humo awe anafanya kazi ya shamba, kweli, na mkaguzi atakuja kuangalia. Wytze alilisoma sharti hilo mara tatu akitafuta upenyo. Haukuwepo. Lilikuwa limeandikwa na Sietske.

Rixt alikuja Jumapili na basi, amebeba sanduku la nguo za Wytze na kifurushi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza, akiitazama nyumba.

"Yangu, dada."

"Wytze."

"Yangu! Muulize wakili, muulize mkaguzi, muulize kondoo."

Rixt alizunguka nyumba yote, akagonga mbao, akachungulia dirisha la duara. Kisha akafungua kifurushi. Kilikuwa kisanduku cha barua. "Kaa nacho," alisema, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. "Kulia au kushoto?"

*

Mwezi wa tisa ulimkuta Wytze ndani ya maji hadi magotini, anaufungua mfereji wa zamani kwa sepetu, maana mashine hakuwa na uwezo nayo tena. Alichimba kutoka upande mmoja. Upande wa pili aliuacha wazi. Matope aliyalaza ukingoni siku nzima, akainama mwenyewe kuwarudisha majini kome wavivu. Masharti yale aliyokuwa akiyatamka kama maneno ya biashara sasa yalikuwa mgongoni mwake, moja baada ya jingine. Sehemu aliyokwisha kuchimba ilikuwa imetulia, na majani ya bata, ambayo hayasubiri kibali cha mtu, yalikuwa yameifunika yote, kijani, laini, kama zulia.

Ndipo Diederik akatokea na wanunuzi wawili, mume na mke kutoka kusini, akitembea kinyumenyume mbele yao ili wasikose kuiona sura yake.

"Na kule, nyumba namba sita, mwonekano wa ziwa! Na huyu hapa ni mtaalamu wetu wa viumbe, yuko kazini kwa ajili yenu!"

"Bwana Diederik," alisema Wytze, akiinua kichwa. "Simama hapo. Hizo nyuma yako si nyasi."

Diederik aliangua kicheko. "Mnamsikia? Huyu bwana! Mwaka huu alinizuia kukanyaga nyasi kwa sababu ya ndege, sasa ananizuia kwa sababu ya nyasi zenyewe!"

"Nakwambia kweli. Ni maji."

"Katika maisha yako umewahi kusema kweli lini?"

Wytze alifikiria, kwa uaminifu kabisa. "Leo," alisema.

"Basi na mimi leo nitaota manyoya," alisema Diederik, akapiga hatua moja kubwa nyuma, ya kuwafurahisha wateja.

Zulia lilimpokea bila kelele nyingi. Kofia ilibaki juu ikielea. Kisha kichwa kikatokea, kijani chote, kikatema vijani, mikono ikipapasa ukingo wa matope ulioteleza kama sabuni. Mke wa yule mnunuzi alijishika mdomo. Kule malishoni kicheko cha Baukje kilishaanza, na pembeni yake, kwa mara ya kwanza tangu Wytze amjue, mkebe wa biskuti ulikuwa wazi.

Diederik alipapasa tena, akateleza tena. "Nitoe humu! Nitoke wapi?"

Wytze alijifuta mikono kwenye suruali, akaegemea sepetu, akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa mfereji.

"Upande ule, bwana," alisema kwa upole. "Tumeuacha wazi, kwa mujibu wa masharti."